Chumvi Imepungua, au Maji Yamezidi Unga?

Shikamoo Daktari,

Mimi ni kitinda mimba katika familia ya watoto watatu, nami ndiye ninayeishi na mama yetu, ambaye ametimiza miaka 71. Miaka sita iliyopita aligunduliwa kuwa na shinikizo la damu, akaandikiwa kidonge kimoja cha kila siku, na mwanzoni mwa mwaka huu akaongezewa kingine cha aina ile inayoongeza mkojo. Aliambiwa pia apunguze chumvi. Mama hajui kufanya jambo nusunusu: hakupunguza chumvi, aliifuta kabisa, akawa anapikiwa chakula chake katika sufuria yake peke yake. Dada yangu, ambaye alisikia mahali kwamba maji husafisha figo, akawa anamwekea chupa mbili kubwa za maji kando ya kiti na kumhimiza azimalize kabla ya jua kuzama. Kwa makadirio yangu alikuwa anakunywa lita tatu kwa siku, pengine zaidi, ilhali hamu yake ya kula ilikuwa imepungua sana.

Majuma machache yaliyopita alianza kulalamikia kichwa na kichefuchefu. Kisha akawa anarudia maswali aliyokwisha kujibiwa, na anayumba akitembea, nasi tukasema ni uzee. Asubuhi moja alianguka akielekea msalani, na alipoinuliwa hakujua ni siku gani. Hospitalini walimpima damu wakakuta sodiamu ni 122, wakatueleza kuwa kiwango cha kawaida ni kati ya 135 na 145. Alilazwa siku tano. Kidonge cha kuongeza mkojo kilisimamishwa, akawekewa kikomo cha lita moja ya vinywaji kwa siku, na akaruhusiwa kurudi nyumbani sodiamu ikiwa 132 na akili yake ikiwa imetulia.

Sasa nyumba imegawanyika. Kaka yangu mkubwa anasema mambo ni wazi: sodiamu ni chumvi, mama amepungukiwa na chumvi, basi apewe kijiko cha chumvi katika glasi ya maji kila asubuhi. Dada anasema chumvi ndiyo iliyomletea shinikizo la damu, kwa hiyo kumrudishia ni kumtafutia kiharusi, na kwamba kumnyima mzee maji ni ukatili. Mama mwenyewe ana kiu na analalamika. Nina maswali matatu. Inawezekanaje mtu mmoja awe na shinikizo la juu la damu na wakati huohuo sodiamu yake iwe chini? Kwa nini madaktari walimpunguzia maji badala ya kumwongezea chumvi? Na sasa tumlishe vipi?

Wako,
Kitinda Mimba

*

Marahaba, Kitinda Mimba, na poleni kwa misukosuko iliyowapata. Nimefurahi kusikia kwamba Mama amerudi nyumbani na fahamu zake.

Kaka yako na dada yako wanagombania chumvi, ilhali ile namba 122 ilikuwa inazungumzia maji. Maabara haikupima chumvi yote iliyomo mwilini mwa Mama, na hakuna kipimo cha kawaida cha damu kinachoweza kufanya hivyo. Ilichopima ni kiasi cha sodiamu kilichomo katika kila lita ya majimaji ya damu, kwa kipimo kinachoitwa milimoli. Chukua mfano wa sufuria ya supu. Ukionja kijiko kimoja ukakuta supu imepooza, ulimi wako hauwezi kukuambia kama mpishi alisahau chumvi au kama kuna mtu aliyepita akaongeza maji. Supu mbili zinaweza kuwa na ladha ileile iliyopooza, moja ikiwa na chumvi kidogo na nyingine ikiwa na chumvi nyingi mno iliyozama katika maji mengi zaidi. Kwa wagonjwa wengi wenye sodiamu ya chini, jambo lililotokea ni hilo la pili, na katika hali hii msemo wetu wa maji kuzidi unga unaweza kuchukuliwa kwa maana yake ya wazi kabisa.

Sodiamu hukaa zaidi nje ya seli, yaani katika damu na katika majimaji yanayozizunguka seli, kwa kiwango cha takriban milimoli 140 kwa lita, wakati ndani ya seli haizidi sana 10 au 15. Potasiamu ni kinyume chake: imejaa ndani na ni kidogo nje. Tofauti hiyo hailetwi na bahati. Katika utando wa kila seli kuna pampu ambayo, kila inapozunguka, hutoa chembe tatu za sodiamu nje na kuingiza mbili za potasiamu, na kazi hiyo hula sehemu kubwa ya nguvu tunayotumia hata tukiwa tumelala. Mwanasayansi wa Denmark, Jens Christian Skou, aliieleza pampu hiyo mwaka 1957 na akapata Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 1997, miaka arobaini baadaye. Ni kutokana na tofauti hiyo kwamba neva hupeleka ujumbe na misuli, pamoja na ule wa moyo, hujikunja. Kwa hiyo anayesema kwamba chumvi ni sumu tupu amekosea tangu neno la kwanza.

Jambo linalomhusu Mama moja kwa moja ni kwamba maji hufuata upande wenye chembe nyingi zilizoyeyuka. Sodiamu ya nje ikichujuka, maji huingia ndani ya seli, nazo huvimba. Seli za mguu zikivimba kidogo hakuna atakayejua, lakini ubongo umefungiwa ndani ya fuvu ambalo halipanuki. Ndiyo maana dalili za sodiamu ya chini ni za kichwa: maumivu, kichefuchefu, kuyumba, kusahau, kuchanganyikiwa, na hali ikizidi, degedege na kupoteza fahamu. Sodiamu ikishuka ndani ya saa chache, mtu anaweza kufa. Ikishuka polepole kwa siku nyingi, seli za ubongo hupata nafasi ya kujitetea kwa kutupa nje baadhi ya chembe zake ili zisivimbe sana, na mgonjwa hubaki akitembea, akiyumba na kurudia maswali, huku watu wake wakisema ni uzee. Silaumu familia yako kwa hilo, kwa sababu hata sisi waganga tumewahi kudanganyika. Nakuomba tu, siku nyingine mzee akibadilika akili ndani ya majuma machache, msiuite mwenendo huo uzee kabla damu yake haijapimwa.

Sasa nijibu swali lako la kwanza, ambalo ndilo zuri kuliko yote. Mwili una walinzi wawili tofauti, na watu huwachanganya. Mlinzi wa kwanza anaangalia wingi wa majimaji katika mishipa. Figo huchuja takriban lita 180 za majimaji kila siku, zikiwa na zaidi ya nusu kilo ya sodiamu, na hurudisha mwilini zaidi ya asilimia 99 yake. Sehemu ndogo ya mwisho huamuliwa na homoni ya aldosteroni, itokayo kwenye tezi zilizo juu ya figo, ambayo huziamuru figo ziikamate sodiamu pale mishipa inapoelekea kulegea. Moyo nao, ukijaa kupita kiasi, hutoa homoni yake inayoziambia figo ziiache ipite. Sodiamu inapokamatwa maji huifuata, mishipa hujaa, na shinikizo hupanda. Kwa hiyo shinikizo la damu hutegemea, pamoja na mambo mengine kama ugumu wa mishipa yenyewe, jumla ya sodiamu iliyomo mwilini.

Mlinzi wa pili haangalii wingi. Anaangalia uzito wa ladha, kama yule aliyeonja supu. Yeye yuko ubongoni, na huhisi mabadiliko madogo sana, hata ya asilimia moja au mbili. Damu ikikolea, huamsha kiu na kuachilia homoni ya vasopresini, inayoziambia figo zihifadhi maji. Damu ikichujuka, homoni hiyo hunyamazishwa na mkojo hutoka mwingi na mweupe. Namba ya sodiamu katika kipimo cha damu ni kazi ya mlinzi huyu wa pili. Walinzi hawa wanaweza kuwa na matatizo tofauti kwa wakati mmoja, na ndiyo maana mtu mwenye moyo ulioshindwa kazi anaweza kuvimba miguu kwa sababu ya sodiamu nyingi kupita kiasi mwilini, na bado kipimo kikaonyesha sodiamu ya chini, kwa kuwa maji aliyohifadhi yamezidi hata hiyo sodiamu nyingi. Mama hakuwa na hali hiyo, kwa jinsi ulivyoeleza, lakini kanuni ni ileile.

Kilichompata Mama, kwa maoni yangu, ni mambo matatu yaliyokutana, na huenda lolote kati yake likiwa peke yake lisingemwangusha. La kwanza ni kidonge. Dawa nyingi za shinikizo zinazoongeza mkojo ni za kundi la thiazidi, nazo hufanya kazi katika ile sehemu ya figo ambako mkojo huchujuliwa. Sehemu hiyo ikizuiwa, figo hushindwa kutoa mkojo mwepesi, na maji yaliyotakiwa kutoka hubaki. Ni dawa nzuri, zimewaepusha wengi na kiharusi, lakini kushuka kwa sodiamu ni madhara yake yanayojulikana, hasa kwa wanawake wenye umri mkubwa na wembamba, na hasa katika majuma ya mwanzo. Sijui kama Mama alipimwa damu baada ya kuanzishiwa kidonge hicho. Barua yako haisemi. Alistahili kupimwa.

La pili ni zile chupa mbili. Dada yako alifanya kwa upendo, lakini maji hayaoshi figo kama yanavyoosha sakafu. Figo zenye afya hujisafisha zenyewe, na mtu ambaye hana sababu maalumu ya kitabibu hahitaji kunywa kwa hesabu ya kulazimishwa. Hata vijana wenye nguvu hupata ajali hii. Katika mbio za marathoni za Boston za mwaka 2002, watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 walipofika mwisho, wakakuta asilimia 13 kati yao sodiamu imeshuka hadi 135 au chini yake, na dalili iliyowatambulisha zaidi ilikuwa kwamba waliongezeka uzito wakikimbia, maana yake walikunywa kuliko walivyotoa jasho.

La tatu linawashangaza wengi, nalo ni kula kidogo. Figo haziwezi kutoa maji matupu. Kila lita ya mkojo lazima ibebe angalau chembe kidogo za taka na chumvi, kama vile gari lisiloondoka kituoni bila abiria. Mtu anayekula vizuri hupata kutoka kwenye chakula, hususan chumvi na protini, chembe zipatazo 600 hadi 900 kwa siku, kwa kipimo cha wingi wa chembe zilizoyeyuka kinachoitwa miliosmoli. Figo za kijana, zinazoweza kuuchujua mkojo hadi miliosmoli 50 kwa lita, zikipewa chembe 600 zinaweza kutoa lita 12 za maji. Mpunguzie mtu chakula hadi abaki na chembe 200, na kwa kuwa figo za uzeeni huchujua kwa shida, tuseme hadi 100 tu, uwezo wake wote unakuwa lita mbili kwa siku. Mama alikuwa anakunywa tatu, na kidonge kilikuwa kimeupunguza uwezo huo zaidi. Hesabu haikuwa na pa kwenda ila kushuka. Hapa ndipo kaka yako ana sehemu ya haki: kufuta chumvi kabisa, pamoja na kutokula, kulichangia.

Lakini kijiko chake katika glasi ya asubuhi nakikataa, na hilo ndilo jibu la swali lako la pili. Kijiko kimoja cha chai kilichojaa chumvi ni takriban gramu 5 au 6, na kwa kuwa asilimia 40 ya chumvi ya mezani ni sodiamu, hapo umeshafika au umepita kikomo cha siku nzima cha miligramu 2,000 za sodiamu ambacho Shirika la Afya Duniani limekiweka kwa mtu mzima, na bado hajala chochote. Shinikizo litapanda. Tena, katika hali ambazo vasopresini inatoka bila sababu, figo zinaweza kuitoa chumvi hiyo kwa mkojo uliokolea huku zikibakiza maji ya ile glasi, na sodiamu ya damu isipande kabisa. Ukiondoa maji, unaondoa chanzo. Ukiongeza chumvi juu ya maji yaliyozidi, unaongeza tatizo la pili bila kuliondoa la kwanza.

Kuna sababu nyingine iliyowafanya madaktari wawe na mwendo wa kobe. Ubongo uliokwisha kutupa chembe zake ili usivimbe hauwezi kuzirudisha kwa saa chache. Sodiamu ya damu ikipandishwa ghafla, maji huvutwa kutoka kwenye seli hizo kwa nguvu, na ala inayozifunika nyuzi za neva, hasa katika shina la ubongo, inaweza kuharibika. Siku chache baadaye mgonjwa aliyeonekana amepona huanza kushindwa kusema, kumeza, au kusogeza mikono na miguu, na wengine hawarudi kamwe katika hali yao. Ndiyo sababu kwa mgonjwa ambaye sodiamu yake imekuwa chini kwa zaidi ya siku mbili, madaktari hujizuia isipande zaidi ya milimoli 8 hadi 10 ndani ya saa 24. Mama alipanda kutoka 122 hadi 132 kwa siku tano, na mimi ningeridhika na mwendo huo. Maji ya chumvi yaliyokolea kupitia mshipa hutumika pale mgonjwa anapopata degedege au anapozama katika usingizi usioamshika, hospitalini, huku damu ikipimwa kila baada ya saa chache.

Sasa lishe na maji. Kikomo cha lita moja kifuateni mpaka daktari aliyekiweka akibadilishe, na kumbukeni kwamba chai, maziwa, supu na juisi vyote huhesabiwa humo. Pimeni asubuhi lita moja katika jagi, kila kinywaji kitoke humo au kipunguzwe humo, na Mama mwenyewe aone kilichobaki. Wagonjwa wengi huvumilia zaidi wanapoiona hesabu kuliko wanapoambiwa hapana. Kiu yake isidharauliwe. Mara nyingi ni ukavu wa kinywa, unaotulia kwa kusukutua maji na kuyatema, kufyonza kipande cha barafu, au kutumia kikombe kidogo badala ya kikubwa. Dada aelezwe kwamba kikomo hiki ni dawa, na kwamba kwa kawaida hakikusudiwi kuwa cha maisha yote: chanzo kikiwa ni kidonge, na kidonge kimeondoka, uwezo wa figo hurejea na kikomo hulegezwa.

Ile sufuria ya peke yake iondoeni. Mama ale chakula cha familia kilichotiwa chumvi kwa kiasi, maana hata kikomo cha gramu 5 za chumvi kwa siku ni kikomo cha juu, si amri ya kufika sifuri. Kilicho muhimu zaidi ni ale: protini katika kila mlo, kama mayai, samaki, maharagwe au nyama, ili figo zipate mzigo wa kubebea maji. Panapofaa kubana chumvi ni kwenye vyakula vya viwandani na vya makopo, na hata kwenye vidonge vinavyochemka ndani ya maji. Kidonge kimoja cha aina hiyo cha kutuliza maumivu kinaweza kuwa na takriban miligramu 400 za sodiamu, na hakuna anayehisi ladha yake. Tena, msimnunulie chumvi mbadala bila kumuuliza daktari, kwa sababu nyingi zimetengenezwa kwa potasiamu, ambayo kwa mtu mwenye figo dhaifu au anayetumia baadhi ya dawa za shinikizo inaweza kupanda hadi kusimamisha moyo.

Kidonge kilichosimamishwa kisirudishwe kwa sababu shinikizo limepanda siku mbili tatu. Daktari ana dawa nyingine za shinikizo zisizogusa sodiamu kwa namna hiyo. Mnapokwenda kliniki bebeni kila dawa anayotumia, pamoja na zile za kununua bila cheti, kwa kuwa baadhi ya dawa za sonona, za kifafa na za maumivu pia hushusha sodiamu. Ulizeni kama alipimwa mkojo, sukari, homoni za tezi ya shingoni na zile za tezi za juu ya figo, kwa sababu 132 bado haijafika 135 na ni vyema kuhakikisha kwamba hakuna sababu nyingine iliyojificha nyuma ya kidonge. Kipimo kingine cha damu kifanyike ndani ya juma moja tangu aliporuhusiwa, na kama hamkupewa tarehe, iombeni kesho.

Akianza tena kutapika, kuumwa sana kichwa, kusinzia kusiko kwa kawaida au kuchanganyikiwa, msingoje tarehe hiyo na msijaribu glasi ya kaka. Mpelekeni hospitalini saa hiyohiyo, na mtu wa kwanza mtakayemkuta mlangoni mwambieni kwamba juzi sodiamu yake ilikuwa 122.